Meza Ndefu ya Mama Saa Tisa

Kwanza tuwekane sawa. Ile meza niliitengeneza mimi. Wanaosema imekosewa vipimo ni watu ambao hawajawahi kushika randa, na ukiwapa randa wataishika kama wameshika samaki aliye hai. Mimi ni fundi seremala. Nina karakana yangu, na nyuma ya karakana kuna chumba kilichokuwa stoo ya mbao. Chumba hicho sasa ni cha binti wa dada yangu, na meza imo humo. Mtaa mzima unamwita Mama Saa Tisa. Mimi namwita mpwa wangu, au nikitaka kumchokoza namwita Mrefu, maana mama yake aliomba mtoto akaletewa nguzo.

Kabla ya kupata jina hilo alikuwa akishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa kwenye dirisha la karakana yangu. Nilimpa kona ile kwa sababu mimi ni mtu mwema, na pia kwa sababu mama yake angenitoa roho kama nisingempa. Kutoka dirishani hapo aliona jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tunalipita tu. Kila ikifika saa tisa alasiri, shule inamwaga watoto barabarani. Wapo wanaopokelewa. Wengine wana ufunguo shingoni, umefungwa kwa uzi, na hao hawana haraka, kwa sababu huko nyumbani hakuna mtu: mama yuko hospitalini, baba yuko kiwandani, dada yuko dukani mpaka jioni. Wanapiga kopo teke kutoka kona hii hadi kona ile. Wakichoka wanalirudisha.

Siku moja mmoja wao akakaa kwenye ngazi yetu, akaanza kuokota vipande vya uzi vilivyoanguka. Mpwa wangu akamwambia aingie, avue viatu, anawe mikono. Akampa chai na mkate. Kesho yake akaja na mwenzake. Kesho kutwa yule mwenzake akaja na wadogo zake. Baada ya muda si mrefu nikawa sina hata pa kuegesha ubao.

"Mjomba," akaniambia, "ile stoo."

"Stoo ina mbao."

"Kwani mbao zinaogopa mvua?"

"Zinaogopa sana."

"Na watoto?"

Basi. Mbao zangu zikahamia uani chini ya turubai, na mimi nikaonekana nafagia stoo, kama mtu aliyeshauriwa na akili yake mwenyewe.

"Sasa nitengenezee meza ya kazi," akasema. "Kubwa, iwatoshe wote."

Hapo sikilizeni, ninyi msio mafundi. Meza ya kazi haipimwi kwa kubahatisha. Unamsimamisha mwenye kazi, anakunja mkono, unapima kutoka sakafuni mpaka chini kidogo ya kiwiko chake. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nitakavyofanya mpaka mnizike. Nikamsimamisha Mrefu, nikapima kiwiko, nikafanya kazi ya kutambia watu: miguu ya mti mgumu, maungio hayana msumari hata mmoja, juu nimepiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Tukaiingiza chumbani. Watoto wa darasa la kwanza wakasogea, wakashika ukingo, macho yao tu ndiyo yakaonekana juu. Ungedhani wanachungulia ua wa jirani.

Mpwa wangu akaitazama meza. Akawatazama watoto. Akanitazama mimi.

"Mjomba, ulimpima nani?"

"Aliyesimama mbele yangu."

"Na watakaoitumia?"

"Hukuwaleta."

Nikaenda kuleta msumeno niipunguze miguu, ingawa roho iliniuma kama nakwenda kukata miguu yangu. Niliporudi sikuona mtoto hata mmoja amesimama. Watoto wote walikuwa chini ya meza. Walikuwa wameingia na vikombe vyao, wamekaa wanazungumza kwa sauti ndogo, kama watu walio kwao. Mpwa wangu akaweka kiganja juu ya msumeno.

"Iache," akasema.

Tukatandika mkeka chini. Nikatengeneza stuli ndefu kwa wanaotaka kuandikia juu, na huko wanakaa miguu ikining'inia. Kwa hiyo mtu akikuambia nilikosea, mwulize: hizo meza zenu zilizopimwa sawasawa zina ghorofa ngapi? Yangu ina mbili.

Sasa nieleze anavyoendesha mambo yake, maana wengi wanadhani ni kukaa tu na watoto wa watu. Mtoto akifika mlangoni haulizwi habari za shule. Anavua viatu, ananawa, anakunywa chai. Kisha mikono na miguu vinafanya kazi kichwa kikipumzika. Huyu anaruka kamba uani. Yule anamwagilia miche iliyopandwa kwenye makopo. Mwingine anapanga vifungo kwa rangi, mwingine anapiga msasa vipande vya mbao ninavyowapa, wanajengea miji na kuibomoa. Vitabu vinafunguliwa jasho likikauka, na wakubwa wanakaa na wadogo. Mwanzoni nilimbishia.

"Mbona usianze na vitabu, wakiwa bado na moto wa shule?"

"Mjomba, ukishafunga karakana jioni, mtu akakuletea kabati umpigie randa papo hapo, utaipiga vizuri?"

"Nitampiga randa yeye."

"Haya, umejijibu."

Na ipo sheria ya chini ya meza. Hiyo haikutungwa na mtu mzima. Watoto waliianza wenyewe, yeye akaishika akawalindia. Aliyeingia chini ya meza na huzuni yake haulizwi kitu. Haulizwi nani kampiga, nani kamcheka, kapata alama gani. Anapelekewa kikombe cha chai, basi. Akiwa tayari atatoka. Nimemwona kijana wa darasa la mwisho, ndevu zinabisha hodi, akijikunja humo magoti yakigusa kidevu. Alipotoka aliomba kalamu, akakaa kwenye stuli, akamaliza hesabu zake. Hakuna aliyemuuliza mpaka leo, na mimi ambaye napenda kujua habari za watu nimeumia sana.

Basi, Chiriku.

Huyu ni binti wa nesi mmoja anayefanya kazi kwa zamu na kumlea mwanawe peke yake. Tulimpa jina la yule ndege kwa sababu alikuwa hanyamazi. Angekuja karakana kukuuliza maswali mpaka usahau ulichokuwa unatengeneza. "Mjomba, kwa nini mbao ina mistari? Mjomba, mistari inaanzia wapi? Mjomba, ukiipiga randa inasikia?" Nilikuwa namfukuza, naye anarudi na swali la kwa nini namfukuza.

Halafu ikatokea siku darasani wanasoma kwa sauti, kila mtu anasimama kwa zamu yake. Chiriku akasimama. Neno likamkwama. Akalirudia, likakwama tena. Darasa zima likacheka, na inasemekana mwalimu naye alitabasamu, bila ubaya, kama mtu yeyote anavyoweza kutabasamu. Tangu hapo hakusoma tena. Ukimpa kitabu anakishika vizuri, anakitazama, na mdomo umefungwa kama mlango wa ofisi siku ya mapumziko. Maswali nayo yakaisha. Alikuwa akifika anavua viatu, ananawa, moja kwa moja chini ya meza. Niliwahi kupitisha ubao mbele yake makusudi, wenye mistari mizuri kweli. Hakuuliza.

Nesi akaja kuzungumza na mpwa wangu. Si mtu mbaya, msije mkamfikiria vibaya. Ni mama mwenye hofu.

"Mama Saa Tisa, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini mwisho wa muhula kuna mtihani wa kusoma. Asiposoma, anarudia darasa. Na huku kwako kila nikiuliza naambiwa amemwagilia makopo. Mwalimu Kengele pale ng'ambo anawakalisha kwa mistari, wanasoma kwa sauti, mmoja mmoja, mbele ya wenzao."

Mwalimu Kengele ni mstaafu anayefundisha tuisheni, na kila kitu chake kinaanza na kuisha kwa kengele. Simsengenyi. Mpini wa hiyo kengele nimeuchonga mimi.

"Mmoja mmoja, mbele ya wenzao," mpwa wangu akarudia polepole.

"Ndiyo. Ndicho anachokosa. Azoee."

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi, dada yangu."

"Mwisho wa mwezi. Nisipoona badiliko, namhamisha."

Jioni ile tulikunja mkeka pamoja, mpwa wangu na mimi, na hakuwa na utani kabisa. "Wakimsimamisha tena sasa hivi, Mjomba," akasema, "huyu mtoto atauchukia mdomo wake moja kwa moja." Nikamwambia asijali, nipo. Akanitazama kana kwamba hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Kati ya karakana yangu na chumba kile kuna ukuta wa mbao tu. Siku moja napiga randa, nikasikia mnong'ono. Nikasimamisha mkono.

Kulikuwa na mtoto mdogo wa chekechea tunayemwita Kifungo, kwa sababu aliwahi kumeza kimoja akatutoa jasho mtaa mzima. Alikuwa ameingia chini ya meza na kitabu kisicho na jalada, chenye picha za mbuzi. Kifungo hakujua kwamba Chiriku hasomi. Yeye mwenyewe hajui kusoma, kwa hiyo hakuwa na cha kumcheka mtu.

"Huyu nani?" akauliza.

Kimya.

"Huyu nani?"

"Mbuzi."

"Anasema nini?"

Halafu, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu: "Mbuzi a-na-sema… niache nilale."

Nilitupa randa nikakimbia uani, nikamkuta mpwa wangu anaanika vikombe.

"Anasoma!"

"Najua. Punguza sauti."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Sasa mwambie mama yake!"

"Nikimwambia, atakuja amwambie simama, hebu nisomee. Tutakuwa tumerudi kule kule darasani."

"Lakini mwezi unakwisha."

"Mjomba, huo mdomo wako ufunike kama kopo la vanishi. Ukiuacha wazi utaharibu kila kitu."

Nikaufunika. Wanaonijua wanajua ukubwa wa kazi hiyo. Nilikutana na Nesi dukani, akanisalimia, akaniuliza mtoto anaendeleaje. Nikanunua chumvi nisiyoihitaji na kutoka mbio. Kwangu kuna chumvi mpaka leo.

Mwezi haujaisha, Nesi akatokea. Zamu yake ilibadilishwa, akatoka mapema, na alishakwenda kuzungumza na Mwalimu Kengele. Aliingia bado amevaa sare ya kazini, mkoba begani.

"Mwanangu yuko wapi?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu watoto walikuwa wanafuata sheria. Akainama kidogo. Akaona soksi anazozifua mwenyewe.

"Chini ya meza?" Sauti ilipanda. "Mimi nimeamka alfajiri, nimeshinda nageuza wagonjwa, najiambia mwanangu yuko mahali pazuri anasoma, kumbe mmemtia chini ya meza kama paka? Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Hapo si mahali pa adhabu," mpwa wangu akasema.

"Nina macho, Mama Saa Tisa. Mtoto, toka twende! Mwalimu anatungoja."

Chini ya meza, mnong'ono uliokuwa ukiendelea ukakatika.

Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni, randa mkononi, maneno yote yamejaa mdomoni: kwamba anasoma, kwamba nimemsikia kwa masikio yangu haya, kwamba meza ile nimeitengeneza mimi. Mpwa wangu akanitazama mara moja tu. Nikayameza, na yalikuwa makubwa kuliko kifungo.

"Dada," akamwambia Nesi kwa upole, "viatu."

"Nini?"

"Umekanyaga mkeka na viatu."

Nesi akatazama chini. Kweli. Na huyu ni mtu wa hospitali, mtu wa kunawa mikono mpaka kwenye ndoto. Hasira ikabidi isubiri kidogo, akainama avue. Kiatu hakikutoka. Mguu ulikuwa umevimba kwa kusimama. Akavuta, kikagoma. Akavuta tena, akapoteza mizani, akajikuta amekaa mkekani, mgongo umeegemea mguu wa meza. Mguu wangu wa mti mgumu, nawakumbusha, ambao haukutikisika. Kiatu kilipotoka hatimaye, alishusha pumzi ndefu ajabu. Akavua cha pili. Hakuinuka.

Kifungo akanong'ona, na mnong'ono wa Kifungo unasikika hadi barabarani: "Na huyu mkubwa ameingia?"

"Ni mama yangu," Chiriku akajibu.

"Kapigwa?"

"Sijui. Haulizwi."

Kisha mkono mdogo ukatoka chini ya meza ukiwa na kikombe cha bati, chai nusu, iliyoanza kupoa. Ukakiweka taratibu karibu na kiganja cha Nesi, ukarudi ndani.

Nesi alikitazama kikombe. Nadhani kuna watu wengi amewapelekea kikombe maishani mwake, na sijui ni lini mara ya mwisho yeye aliletewa. Akakichukua kwa mikono miwili.

Kifungo yeye alikuwa na shughuli zake. "Endelea. Mbuzi kafanya nini?"

Mpwa wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza kama meza inataka kuondoka.

"Mbuzi aka…" ikasema ile sauti. "Mbuzi akaru… akaru…"

Ikakwama. Watoto waliokuwa juu kwenye stuli hata hawakuinua vichwa. Nesi akafungua mdomo ampe lile neno, mpwa wangu akatikisa kichwa kidogo tu, naye akaufunga.

"Akarudi," Chiriku akasema. "Mbuzi akarudi, akagonga mlango kwa pembe."

"Mara ngapi?"

"Haijaandikwa."

"Basi mara nyingi."

"Haya, mara nyingi. Akasema, nifungulieni, huku nje kuna baridi."

Akaendelea hivyo, anakwama, anarudi, anapita, mpaka ukurasa ukaisha, Kifungo akadai mwingine. Nesi hakugeuka hata mara moja kutazama chini. Hakuna aliyemwambia asigeuke. Alikaa akitazama mbele, kwenye makopo ya miche mlangoni, kikombe bado mikononi.

Baadaye aliinuka, pekupeku, akamvuta mpwa wangu kando. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kumsikiliza."

"Si nimemsikiliza?"

"Leo ulikuja, ukapumzika. Yeye hakuona kwamba anapimwa."

Nesi akasema viatu vyake vibaki pale pale mlangoni kwanza, anataka kumalizia chai.

Hakumhamisha. Alifanya jambo bora zaidi, ambalo mimi ndiye ningelifikiria kama ningepewa nafasi: alikwenda shuleni kuzungumza na mwalimu. Sijui alimwambia nini, ila mtihani ulipofika Chiriku alisoma akiwa amekaa, kwenye kona ya darasa, na Kifungo akaazimwa kutoka chekechea akakaa karibu yake. Alikwama njiani. Kila alipokwama Kifungo aliuliza, "Halafu?" kwa sauti ya mtu anayecheleweshwa, mpaka habari ikaisha. Alipita. Sisemi alipaa, alipita, na alipanda darasa na wenzake. Mwalimu Kengele alisusa kwa muda. Sasa huja saa ya vitabu kuwasaidia wakubwa hesabu, kwa sharti kengele aiache mlangoni pamoja na viatu.

Na mimi nimepata kazi. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanitaka niwatengenezee meza kwa ajili ya kona ya kusomea. "Kama ile ya Mama Saa Tisa," akasema. "Ndefu vile vile. Tafadhali, fundi, usiirekebishe."

Mmesikia wenyewe. Tafadhali.

Tatizo likawa dogo tu, vile vipimo sikuvihifadhi. Ningeweza kumpima kiwiko Mrefu tena, lakini angecheka mpaka mwaka mwingine. Nikangoja watoto wawe uani, nikachukua tepu, nikajipenyeza chini ya meza niyaone vizuri maungio yangu. Nikalala chali kabisa. Mahali pazuri, sikatai. Mwanga unaingia kidogo kidogo pembeni, na upande wa chini wa ubao watoto wamechora kwa chaki mbuzi wa kila aina.

Kichwa kikaingia kando yangu.

"Mjomba, unafanya nini? Mjomba, kwa nini umelala? Unapima nini, si ulishaipima? Mjomba, hiyo tepu inajuaje pa kuishia? Mjomba, ni kweli wanavyosema, kwamba meza hii ulikosea?"

Nikaiachia tepu ikarudi ndani ya kasha lake kwa kishindo.

"Wewe mtoto," nikamwambia, "huijui sheria? Aliye chini ya meza haulizwi."

Chiriku akafikiri kidogo. Akakubali. Akatoka kinyumenyume, nikasikia miguu yake ikikimbia kuelekea uani, na sauti yake, sauti kubwa ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, ikitangaza:

"Mama Saa Tisa! Mjomba ameingia chini ya meza! Anahitaji kikombe!"